Kijana ninayemfundisha hesabu ameniachia begi lenye simu tatu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Temeke na mume wangu, kazi yangu ni uhasibu katika duka la jumla Kariakoo. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi mchana, nafundisha hesabu na Kiingereza bure kwa watoto wa mtaani kwetu walioacha shule. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitupa chumba cha nyuma cha ofisi yake, kina mabenchi na ubao. Ualimu sijausomea. Nilikuwa nawaona wale watoto kijiweni kila asubuhi nikienda kupanda daladala, na jioni nikirudi nawakuta palepale, roho ikawa inaniuma.

Walianza wengi wakapungua. Wengine walikuja kutazama kama kuna chakula, wengine waliitwa na mama zao wakauze karanga. Waliobaki ni wachache, lakini wametulia. Mmoja wao nitamwita S. Ana miaka 16. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani wa taifa. Baba hayupo. Mama anauza samaki, anatoka alfajiri kwenda Feri na kurudi usiku, mimi mwenyewe sijawahi kuonana naye. Nyumbani kuna bibi mgonjwa. S. anaokota chuma chakavu na makopo, na siku nyingine anashinda geto kwa vijana wakubwa ambao mtaa mzima unazijua shughuli zao ila hakuna anayezitaja.

Shangazi, mtoto huyu namba anaziweza. Nikiandika swali la asilimia, analijibu kabla sijamaliza kuandika. Anasema kwenye mzani wa chuma chakavu walikuwa wanampunja kila siku mpaka akajifunza kujipigia hesabu mwenyewe. Wenzake wananiita madam. Yeye siku hizi ananiita mama.

Hivi karibuni alikuja nyumbani usiku, mume wangu yuko zamu. Ana begi la mgongoni. Akasema mwenye nyumba amewafungia mlango kwa sababu ya kodi, nimtunzie nguo zake siku mbili. Nikalipokea. Siku mbili zikapita hajarudi, mwanangu katika kucheza akalivuta begi, zipu ikafunguka. Chini ya fulana kulikuwa na simu janja tatu, zimeviringishwa kwenye soksi, hazina laini. Moja ina kava lenye picha ya watoto wa watu.

Jumamosi alikuja darasani kama kawaida. Wenzake walipotoka akaninong'oneza, "Mama, lile begi lipo? Usimwambie mtu." Nikajibu lipo, basi.

Tangu hapo silali. Mwaka juzi nyuma ya soko letu kijana alipigwa kwa tuhuma za kuiba simu, polisi wanafika ameshakata roho. Nikimwambia mwenyekiti, habari itafika sokoni kabla mimi sijafika nyumbani. Nikienda polisi naona nimempeleka mtoto jela kwa mkono wangu. Nikimrudishia begi nami nimeshiriki. Mume wangu sijamwambia, kwa sababu kila siku anasema ninafuga Panya Road, lile genge la vijana waporaji, na hili likimfikia darasa ndiyo basi tena. Na wale wengine wakisikia mwalimu ndiye aliyemchoma mwenzao, nani atarudi?

Dada mmoja tunayesali naye amenishauri nizitumbukize chooni nijifanye sijui kitu. Nifanyeje?

Mwalimu wa Jumamosi, Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Chooni usizitumbukize. Huyo dada anakupenda, lakini anakutafutia kesi. Leo hii wewe ni mtu aliyeachiwa begi akaambiwa ni nguo. Ukizitupa, utakuwa mtu aliyeona mali inayotiliwa shaka akaiteketeza, na hapo hakuna atakayekuelewa. Usiziwashe pia. Najua hiyo picha kwenye kava inakukera na unatamani kumtafuta mwenye simu umrudishie kimyakimya. Ukiweka laini yako humo, namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe, inaonekana kwenye mtandao wa simu sambamba na laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole. Anayeitafuta simu atakukuta wewe. Ziache kwenye soksi zake, begi lifunge, liweke mahali mtoto hafiki.

Na usimrudishie S. Akija kuliomba, mwambie halipo tena nyumbani kwako. Ndiyo maana nataka kabla hajaja iwe ni kweli halipo.

Usiku wa leo mwambie mumeo. Hata kama atapiga kelele. Begi hilo liko ndani ya nyumba yake pia, na likikutwa humo ataulizwa kama wewe utakavyoulizwa, sasa si haki aulizwe kitu asichokijua. (Kwamba unamwandikia Shangazi kabla ya kumwambia baba mtoto wako ni suala jingine, hilo utaniandikia siku yake.) Akisema "si nilikwambia," mwache aseme, kisha mwombe akusindikize kesho.

Kesho hiyo mnakwenda wapi? Kwa mwenyekiti, hapana, na sababu umeshaitaja mwenyewe. Simsemi vibaya mzee wa watu, ila ofisi ya mtaa ina benchi la wasubiriaji nje na dirisha lisilofungika, na jina la mtoto likitajwa pale pamoja na neno simu, wale wanaoitwa na magazeti wananchi wenye hasira kali hawatasubiri ushahidi. Mlango wenu wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii, wa kata kama yupo, au ofisi ya ustawi ya manispaa. Kama hamjui wa kumwona, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure. Watawaelekeza kwa afisa wa eneo lenu.

Nimemtanguliza afisa ustawi mbele ya polisi kwa makusudi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kuitaarifu mamlaka ya serikali za mitaa akijua mtoto anavunjiwa haki zake, na afisa ustawi ndiye anayeshughulika na hayo huko manispaa. Ukianzia kwake, jalada la kwanza la S. linafunguliwa kama mtoto aliye hatarini, anayeshinda na watu wazima wanaomtumia. Ukianzia kaunta ya polisi peke yako na begi mkononi, jalada la kwanza linaweza kufunguliwa kwa jina la mtuhumiwa. Begi lilelile, siku ileile, lakini kuna tofauti kubwa katika maisha ya kijana.

Polisi lazima mfike, usijidanganye kwamba utawakwepa. Simu zina wenyewe, na huenda mmoja wao aliumizwa alipoporwa. Nendeni na afisa huyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na mkiweza tangulieni kupata msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na kile cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake vyote viko Kinondoni na hawatozi wasio na uwezo. Hata msaidizi wa kisheria wa kata anafaa kwa kuanzia. Hawezi kusimama mahakamani kama wakili, lakini anajua pa kuingilia na atakusaidia kupanga maneno kabla hujaandika maelezo.

Maneno yenyewe ni machache. Sema ulichokiona: aliniletea begi usiku, akasema ni nguo, nilikuta simu tatu, Jumamosi akaniuliza kama begi lipo na akaniomba nisimwambie mtu. Usiseme "ameiba", hukumwona akiiba. Usiwataje vijana wa geto kama wezi kwa sababu mtaa unasema. Ukiulizwa anashinda na nani, jibu unachokijua kwa macho yako. Vitu vikipokelewa, hakikisha vimeandikwa kimoja kimoja, na usiondoke bila namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo.

Sasa hili la jela ndilo linalokunyima usingizi, ngoja nilinyooshe. S. ana miaka 16, kisheria ni mtoto, na Sheria hiyo ya Mtoto inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Hata akikutwa na hatia, mahakama ya watoto ina njia nyingine: kumwachilia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, na wakati mwingine kumpeleka shule ya maadilisho, ile ya Irambo, Mbeya. Akishikiliwa hatakiwi kuchanganywa na watu wazima. Dar kuna mahabusu ya watoto Upanga kwa ajili hiyo, na shauri lake husikilizwa faragha, mzazi na afisa ustawi wakiwepo. Sikwambii kila kituo kinafuata hayo siku zote. Nakwambia yameandikwa, na mtu mzima anayeyajua akiwa amesimama pale, hufuatwa zaidi.

Hapo kuna tundu ambalo vijana wengi hupotelea nalo ni umri. Kijana mrefu, sauti nzito, hana cheti cha kuzaliwa, anaandikwa miaka 18, na kuanzia hapo anakwenda njia ya wakubwa. Kwa hiyo mara tu akishajulishwa, mama yake atafute cheti, na kama hakipo atafute kadi ya kliniki au barua ya shule ya msingi inayoonyesha mwaka wake wa kuzaliwa. Karatasi hiyo itamfaa S. kuliko machozi yetu sote.

Mama yake ambaye hujawahi kuonana naye! Katika barua yako yote, mwanangu, hapo ndipo nilipoweka miwani chini. Umemfundisha mtoto wa mtu tangu mwaka jana, anakuita mama, anakuja kwako usiku, na aliyemzaa hajui hata sura yako. Sikulaumu, yeye anatoka alfajiri na kurudi usiku, nawe unashinda kazini. Lakini wewe si mama wa S. Mama anaye, yuko Feri amepanga foleni ya samaki. Mtafute, hata kwa kuamka saa kumi za usiku. Afisa ustawi atamhitaji, polisi watamhitaji, na kama ni kweli mwenye nyumba amefunga mlango, yeye ndiye wa kukwambia. Huenda mlango haujafungwa kabisa.

Utaniuliza: S. mwenyewe nimwambie lini? Moyo unakutuma umwambie kwanza, umpe nafasi ya kujieleza. Kwa kawaida ningekuunga mkono. Safari hii nasema hapana. Mara nyingi mtoto wa umri huo si mwenye mzigo, ni wa kuushikilia. Wakubwa humpa kwa kuwa hapekuliwi sana, na ukimwonya leo, jioni wakubwa watajua simu ziko wapi na nani anataka kuzipeleka. Utakuwa umemweka kati ya wao na wewe, na nyumbani kwako kuna mtoto mdogo. Begi litoke kwanza. Siku hiyohiyo, afisa ustawi akiwepo, na mama yake akiwepo mkiweza kumpata, S. aambiwe, na aambiwe kwa mdomo wako. Mwambie hivi: "Nililifungua begi. Simu nimezikabidhi. Nimesema ulivyoniambia, sikuongeza. Kwenye kesi hii hutakwenda peke yako." Atakasirika. Anaweza kukutukana na asikusemeshe mwezi mzima, au asirudi kabisa. Usimkimbilie kumbembeleza, na usimtumie ujumbe wa usiku wa manane kujieleza.

Huenda unajiuliza kama alikuja kwako kwa sababu anakuamini au kwa sababu anakutumia. Yote mawili. Nyumba yako haipekuliwi, na hilo analijua. Lakini vilevile ni nyumba ambayo hafukuzwi mlangoni. Kijana anayeishi kwa kukwepa hajifunzi kutenganisha mambo hayo mpaka mtu mzima amtenganishie, na kazi hiyo ndiyo sasa imekuangukia.

Kwa hiyo darasa lisife, ila libadilike. Mwanafunzi asije nyumbani kwako, mchana wala usiku, na usipokee mzigo, simu, fedha ya kutunziwa wala laini ya kusajiliwa kwa jina lako. Hiyo ya laini itakuja, jiandae. Mzazi au mlezi wa kila mtoto aje asaini kibali siku ya kwanza, hata kama ni kwa dole gumba. Mpelekee mtendaji wa mtaa orodha ya wanafunzi na saa za kipindi, aiweke kwenye faili. Chumbani msiwe wewe peke yako na mtoto mmoja, mlango uwe wazi, awepo mtu mzima wa pili. Huyo wa pili unaye: mume wako, Jumamosi asipokuwa na zamu. Aje akae nyuma na gazeti lake. Hilo jina la Panya Road limetolewa kwa kila mtoto wa uswahilini tangu ile taharuki ya mwanzoni mwa 2015, na wengi wanaolitoa hawajawahi kukaa na hata mmoja wao saa nzima. Akikaa nao akiwaona wanagombania chaki, huenda akalipunguza.

Halafu uwaambie wote kuhusu siri, mapema, kabla mmoja hajaja na yake. Waambie: mambo yenu ya kawaida yanabaki hapa, lakini nikisikia kwamba mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kuna mwingine ataumia, lazima nimshirikishe mtu mzima wa kutusaidia, na nitakwambia ni nani. Usiwe mwepesi tena wa kujibu "lipo" pale mtoto anaposema usimwambie mtu. Kujibu "siwezi kuahidi hilo" kunatosha, na mtoto ana haki ya kuchagua kama ataendelea kusema.

Umesema hofu yako ni kwamba wengine hawatarudi. Wawili watatu wanaweza wasirudi, hasa walio karibu na lile geto, na huenda hao ndio uliowatamani zaidi wabaki. Lakini wapo wengine ambao ukilifumbia macho begi hili, kesho watakuletea la kwao. Jina la S. usilitaje mbele yao. Wakikuuliza yuko wapi, sema ana shughuli na familia yake, kisha uwarudishe kwenye swali lililoko ubaoni. Wakikubana zaidi, wajibu kwamba wao pia siku wakiwa na shida hutaizungumza mbele ya wenzao.

Na S. akirudi, mpe kitu chenye tarehe, maana ahadi za "utafika mbali" ameshazisikia kwa kila mtu. Waraka wa elimu wa mwaka 2021 uliwafungulia walioacha shule kurudi kwenye mfumo rasmi, kwa hiyo afisa elimu kata aulizwe kwanza. Kama hataki tena sare, na akiwa na miaka 16 hilo linaeleweka, kuna Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, kwa wasio na matokeo ya kidato cha pili. Akiufaulu anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya njia hiyo. Wale wa kwako wanaoshika chuma kuliko kalamu wapeleke chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe waulizie urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa na kupewa cheti bila kuanza upya.

Usajili wa QT hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani na anayechelewa hulipa faini juu ya ada, kwa hiyo hilo usilingojee kesi iishe. Ulizia kituo cha mitihani kilicho karibu wiki hiihii, ukishatoka kukabidhi begi.